Kuwalisha Dubu Ili Wasibambue Miti: Tathmini ya Huduma Moja ya Misitu ya Washington

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kuwapelekea dubu weusi chakula msituni katika majira ya kuchipua, na wateja wake ni wamiliki wa mashamba ya miti ya magharibi mwa jimbo la Washington, Marekani. Ilianza mwaka 1985 chini ya chama cha wamiliki wa misitu wa jimbo hilo, Washington Forest Protection Association, na aliyeisukuma mbele ni Ralph Flowers, mtu ambaye hapo kabla, kwa miaka mingi, aliajiriwa kuwaua dubu hao hao. Sisi tuliosomea misitu Tanzania tulizoea habari za kima wanaobambua misonobari na misaipresi katika mashamba ya miti ya Meru, na dawa tuliyoisikia mara nyingi ilikuwa kufukuza au kuua. Kwa hiyo nilikuwa na shaka na huduma hii. Sasa naiona kuwa inastahili gharama yake, mradi mteja aelewe kwamba anachonunua ni nafuu ya msimu mmoja.

Dubu anapotoka pangoni mwezi Aprili, mafuta ya mwilini yamepungua sana na beri za porini bado hazijaiva. Wakati huo huo gome la mti aina ya Douglas (Douglas-fir, mti wa mbao wa jamii ya misonobari) huwa limelegea na tabaka laini lililo chini yake limejaa sukari. Nimesimama mbele ya mti mmoja uliokuwa umebambuliwa muda mfupi kabla hatujafika: vipande virefu vya gome vimelala shinani, mbao imebaki nyeupe na yenye unyevu, na juu yake kuna mifereji myembamba ya meno ya mbele, yote ikiwa wima na kukaribiana, kuanzia karibu na ardhi hadi usawa wa kifua changu. Gome likiondolewa kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki mizizini, na mti hufa polepole hadi kilele kiwe chekundu na kuonekana kutoka kwenye ndege za ukaguzi. Likiondolewa upande mmoja tu, mti huishi, lakini kuvu huingia kupitia jeraha na kuozesha gogo la chini, ambalo ndilo lenye bei kubwa kuliko yote. Dubu mmoja anaweza kubambua miti 60 hadi 70 kwa siku.

Kinachouma zaidi ni kwamba dubu huchagua miti ile ile ambayo mwenye shamba ameigharimia. Miti ya umri wa miaka 15 hadi 30, iliyokwisha kupunguziwa msongamano na pengine kuwekewa mbolea ya urea, ndiyo inayoshambuliwa sana, kwa kuwa mti wenye nafasi na mwanga hutengeneza sukari nyingi. Utafiti wa Bruce Kimball na Dale Nolte ulionyesha kwamba dubu hupendelea miti yenye sukari nyingi na terpini chache, zile kemikali zinazoupa utomvu harufu yake kali.

Huduma yenyewe ni rahisi kuieleza. Mapipa yanawekwa msituni chini ya vibanda vidogo vya kuzuia mvua, yanajazwa punje za chakula kilichoshindiliwa na kutiwa utamu, na mhudumu hurudi mara kwa mara kuyajaza hadi beri zitakapoiva, kwa kawaida kuelekea Julai. Dubu hula humo, hushiba, na hupunguza kugusa miti. Tafiti za Georg Ziegltrum, aliyesimamia mpango huo kwa miaka mingi, zilionyesha uharibifu mdogo zaidi katika maeneo yaliyolishwa kuliko yale ambayo hayakulishwa. Nami nakubaliana naye kwa yale niliyoyaona shambani: palipokuwa na pipa lenye chakula, majeraha mapya yalikuwa machache.

Nasema lenye chakula kwa makusudi. Mtoa huduma mmoja tuliyefanya naye kazi aliacha mapipa matupu katikati ya Mei, wakati sukari iko juu kabisa, na dubu walirudi kwenye miti iliyo jirani na mapipa yale yale. Hapo mteja huwa amelipia kuwakusanya dubu katikati ya shamba lake. Ratiba ya kujaza, basi, ndiyo roho ya huduma hii, na inapaswa kuandikwa katika mkataba, pamoja na tarehe ya kuanza kabla dubu hawajazoea kubambua.

Udhaifu mwingine hauwezi kurekebishwa na mtoa huduma. Gharama hurudi kila mwaka kwa miaka yote ambayo shamba liko katika umri wa hatari, na jirani asiyechangia hunufaika bila kulipa. Hata hivyo, njia mbadala si nyepesi. Mwaka 1996 wapiga kura wa Washington walipiga marufuku uwindaji wa dubu kwa chambo na kwa mbwa, ingawa sheria iliacha nafasi ya kulinda mali, na kila kibali cha kuua dubu kwa ajili ya miti huleta mabishano. Mimi binafsi nisingependa kumwona mnyama huyu akiuawa kwa kosa la kuwa na njaa, wakati njaa hiyo ina mwisho unaojulikana kwenye kalenda.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Mwenye shamba atakayeinunua afanye pia sehemu yake: kupogolea matawi ya chini, jambo linalopunguza sukari katika sehemu ya shina anayoifikia dubu, kuahirisha urea palipo na dubu wengi, na kupunguza miti kwa awamu, ili shamba zima lisiwe tamu katika msimu mmoja.