Seti ya umeme wa gatini kwenye mashua ndogo ya tanga: uzoefu wangu

Niseme mapema: vifaa vinavyoonekana katika seti hii ni vizuri. Vile vinavyojificha nyuma ya mbao ndivyo vilivyonifanya nitie mkono mfukoni mara ya pili.

Mashua yangu ni ya faibaglasi, ina mlingoti mmoja na injini ndogo ya dizeli chini ya ngazi. Umeme wake ulikuwa wa volti 12 tu: betri, dinamo ya injini na paneli ya sola. Safarini unatosha kabisa. Kasheshe ni pale mashua inapokaa imefungwa gatini bila mtu. Betri ya asidi ikiachwa nusu tupu, salfeti hujenga ukoko mgumu kwenye bamba zake, na ikishafika hapo hata ukiichaji usiku kucha haishiki. Nikaamua kuingiza umeme wa gatini, chaja ifanye kazi yake hata nisipokuwepo.

Nilinunua seti iliyokamilika, au iliyouzwa kwa jina hilo. Ndani ya boksi kulikuwa na soketi ya kuingilia umeme ya ampea 16, kebo ya nje ya mita 15 yenye plagi zile za buluu, kisanduku cha breka, soketi mbili za ndani, na bunda la waya. Ni mfumo wa volti 230. Wenzetu wa Marekani na Kanada kwa kawaida hutumia volti 120 na plagi ya kuzungusha ya ampea 30, kwa hiyo kwao seti hii haifai kitu.

Nianze na sifa. Kebo ya nje ni ya mpira, aina ya H07RN-F, nyuzi tatu za milimita mraba 2.5. Inavumilia jua, mafuta na kukanyagwa, na inakunjika bila ubishi. Kisanduku nacho kina RCD ya miliampea 30, yaani breka inayokata umeme mara mkondo unapovuja kwenda mahali pasipo pake, kwa mfano mwilini mwako. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba breka zake zinakata waya wa moto na nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwa pamoja. Si anasa. Gatini huwezi kujua nani aliunga ile soketi na alikuwa na haraka kiasi gani. Nyaya zikiwa zimebadilishana nafasi, breka ya kukata upande mmoja itakata nyutro, na waya wa moto utabaki hai huku wewe ukijiaminisha kuwa umezima.

Sasa lile bunda la waya. Lilikuwa waya wa nyumbani, shaba ya uzi mmoja mgumu. Nyumba haitikisiki, mashua inatikisika kila saa: injini, mawimbi, hata kamba zinapovutana gatini. Waya mgumu huchoka na kukatika, tena hukatikia ndani ya maungio ambako huoni. Nililiweka kando nikanunua waya wa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati, kwa sababu shaba tupu kwenye hewa ya chumvi hugeuka nyeusi mpaka ndani ya mpira wake. Ncha zote nilizibana kwa vifuniko vya shaba kwa kutumia koleo maalumu. Kulehemu kwa risasi sikutaka: pale lehemu inapoishia waya hukakamaa, na hapo ndipo unapovunjikia.

Kutoboa tundu la soketi ni kazi ndogo. Chagua mahali pa juu, mbali na maji yanayorushwa, paka silanti ya kutosha, basi. Kuhusu breka kuu, kanuni za ABYC, baraza la Marekani linaloweka viwango vya mashua, zinataka isizidi futi 10 za waya, kama mita 3, kutoka soketi ya kuingilia. Kwenye mashua ndogo hilo si gumu. Nyaya za volti 230 nilizipitisha upande wa kulia, za volti 12 zikabaki kushoto, zisikutane.

Kijitabu cha maelekezo kinasema wazi, tena kwa mchoro, kwamba nyutro na ethi (waya wa usalama, unaopeleka umeme uliovuja ardhini) zisiunganishwe ndani ya mashua. Hapo nakipongeza. Lakini kuhusu ethi yenyewe kimenyamaza, na hapo ndipo penye mjadala wote wa kazi hii.

Je, waya wa ethi uunganishwe na hasi ya betri na injini? Mabaharia wengi watakuambia usithubutu, na sababu yao ina msingi. Ukiunganisha, mashua yako na zote zilizochomeka kwenye gati hilo zinaunganishwa kwa waya mmoja. Rafadha yako ya shaba, zinki ya jirani (kile kipande kinachofungwa chini ya mashua ili kiliwe badala ya metali nyingine) na chuma cha mashua ya tatu vyote vimo kwenye maji ya chumvi: hiyo ni betri kamili, na metali iliyo dhaifu ndiyo inayoliwa. Zinki iliyotakiwa kudumu msimu mzima inaweza kuisha mapema sana.

Usipounganisha, je? Chaja ikiharibika na waya wa moto ukagusa upande wa volti 12, injini, shafti na rafadha vinaweza kuwa na umeme bila njia ya uhakika ya kuurudisha, na breka isikate. Anayeogelea karibu ndiye atakayelipa. Kwenye maji baridi ya ziwa au mto hatari ni kubwa zaidi kuliko baharini, maana mwili wa mtu unapitisha umeme vizuri kuliko maji hayo. Zinki hununuliwa dukani, mtu hanunuliwi. Niliunganisha.

Dawa ya kuliwa kwa metali ipo, nayo ni kizuizi cha galvaniki: kijiboksi chenye daiodi kinachokaa kwenye waya wa ethi mara tu baada ya soketi ya kuingilia. Kinazuia ule mkondo mdogo wa chini ya volti moja unaokula metali, lakini hitilafu kubwa ikitokea kinaupitisha umeme ili breka ikate. Kwenye seti hakikuwemo. Kuuza seti ya mashua iliyokamilika bila kifaa hiki, na hata kutokitaja, ni kasoro ambayo siwezi kuifumbia macho.

Kabla ya kuchomeka nilimwita fundi umeme wa vyombo vya majini mwenye leseni. Alipima insulesheni ya nyaya kwa mega, kipimo cha volti kubwa, huku chaja imetolewa, akafuata ethi kutoka plagi hadi injini, kisha akaijaribu RCD kwa kifaa chake badala ya kutegemea kitufe peke yake. Pesa yake ilikuwa halali.

Katika matumizi, chaja ya ampea 20 hula kidogo, kama wati 340 inapofanya kazi kwa nguvu zote. Hita ya wati 2000 peke yake ni karibu ampea 9. Ukiwasha hita na birika la umeme la ukubwa huohuo umepita ampea 16, na magati mengine hayatoi hata hizo. Plagi nayo iguse baada ya saa moja ya mzigo mkubwa: ikiwa moto, chumvi imeingia kwenye vyuma vyake. Na kuchomeka kuna utaratibu: mashua kwanza, gati baadaye; kuchomoa ni kinyume chake, usije ukatembea juu ya maji umeshika ncha yenye umeme.

Lalamiko dogo: springi ya kifuniko cha soketi ya nje si ya chuma kisichoshika kutu. Yangu imeshabadilika rangi.

Kwa mwenye mashua ya faibaglasi, ningesema anunue kebo na kisanduku, waya na kizuizi atafute pengine. Mwenye mashua ya chuma au alumini asiiguse kabisa seti hii; yeye atafute transfoma ya kutenganisha, inayoleta umeme bila waya wa mashua kugusana na wa gati, hata kama ni nzito na inakula nafasi ya kabati zima.