Utembelee ipi: Ngome ya Lamu au Nguzo ya Malindi?

Zote mbili ni mawe ya siasa. Nguzo ya Malindi, yaani ya Vasco da Gama, baharia Mreno, ilitokana na urafiki wa mwaka 1498. Malindi ilikuwa na uhasama na Mombasa, basi mfalme wake akawapokea Wareno kwa mikono miwili. Ukifika leo utaona mnara mweupe wenye umbo la pia, msalaba juu, umesimama ncha ya mwamba, mawimbi yakipiga chini. Picha nzuri, dakika kumi, umemaliza.

Ngome ya Lamu ina mengi. Ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, pale Waamu, yaani watu wa Lamu, walipowashinda Wapate wa kisiwa cha Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa. Ushindi wenyewe uliwatia hofu ya kulipiziwa kisasi, wakamwomba Seyyid Said wa Omani awalinde. Ngome ikakamilika 1821. Baadaye Waingereza wakaigeuza jela, nayo ikabaki jela hadi miaka ya 1980 ndipo ikawa makumbusho. Pita mkono ukutani: matumbawe yanakwaruza chokaa ilipobanduka. Nje, kwenye uwanja wa Mkunguni, wazee wanacheza bao kivulini, na punda hawakupishi.

Mimi nachagua ngome, na si kwa kuwapendelea Waamu. Nguzo ni alama ya mgeni aliyekuja akapita; ngome iliombwa na wenyeji, kisha ikaja kuwafunga wajukuu wao. Ila kama una watoto, nendeni Malindi: upepo wa pale mwambani hauna mfano.