Kikao cha tiba ya sauti Boudha, Kathmandu: uzoefu wangu

Kama unafikiria kulipia kikao cha mabakuli ya shaba kule Nepal, kilipie. Ila jua unanunua mapumziko. Ibada iko jirani, tena haiuzwi.

Mimi nililipa rupia 3,000 za Nepali kwa saa moja, kwenye kituo kimoja kilicho karibu na stupa ya Boudhanath, lile kuba kubwa la ibada la Wabuddha. Godoro sakafuni, mto chini ya magoti, mapazia yameshushwa. Kabla ya yote mhudumu aliniuliza kama nina kifafa au kifaa cha moyo mwilini, na kwa hilo nilimheshimu. Akayapanga mabakuli kunizunguka, mengine akaniwekea kifuani na tumboni, kisha akaanza kuyagonga polepole kwa nyundo iliyovishwa kitambaa. Bakuli kubwa likilia juu ya kifua hulisikii kwa masikio peke yake. Mtetemo unapita mbavuni hadi mgongoni. Na kwa kuwa bakuli moja hutoa sauti kadhaa kwa pamoja, zile zinazokaribiana zikikutana mvumo huwa unapanda na kushuka kama maji yanayopwa na kujaa. Pumzi yangu ikaanza kuufuata. Niliinuka mabega yamelegea, na usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeuonja kwa muda mrefu.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, washiriki 62, ambao kwa wastani baada ya kikao kimoja walipungukiwa na msongo, hasira na uchovu. Naona unalingana na yaliyonipata. Lakini utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo mtu asiache dawa zake za presha kwa sababu ya bakuli.

Tatizo langu ni maelezo. Niliambiwa kwamba haya mabakuli ni siri ya kale ya watawa wa Tibet, na kwamba yana metali saba, moja kwa kila sayari. Ukweli ni kwamba mabakuli ya zamani yaliyopimwa ni shaba na bati, karibu sehemu nne kwa moja, mchanganyiko uleule wa kengele. Milimani Himalaya yalikuwa vyombo vya nyumbani, vya chakula na nafaka. Umaarufu wake kama ala ya tiba ulianza kuenea Marekani na Ulaya miaka ya 1970. (Japani ni habari nyingine: kule kengele ya umbo la bakuli iitwayo rin hukaa mbele ya madhabahu ya nyumbani na hugongwa watu wanapoomba.)

Hili linaniuma kwa sababu sauti ya ibada yenyewe iko hatua chache tu kutoka mlango wa kituo. Karibu na stupa kuna nyumba za watawa ambako unaweza kukaa nyuma kimya na kuisikiliza puja, ibada yao ya pamoja. Watawa huketi safu kwa safu wakitazamana, wanasoma kwa sauti nzito ya chini, halafu ghafla matoazi, ngoma kubwa na zile tarumbeta ndefu za dungchen zinalipuka pamoja. Kiongozi ana kengele mkono wa kushoto, na mkono wa kulia vajra, kifimbo kifupi cha ibada: kengele ni hekima, vajra ni huruma inayotenda. Kila sauti ina kazi yake, kualika, kusifu, kutoa sadaka, na mwishoni thawabu yote inaelekezwa kwa viumbe wote. Hapo hapigiwi mtu ngoma ili misuli yake ilegee. Mimi nilitetemeka zaidi humo kuliko kwenye godoro.

Jioni nenda Pashupatinath, eneo takatifu la Wahindu humo humo Kathmandu. Hekalu kuu ni la Wahindu pekee, lakini ukingo wa mashariki wa mto Bagmati uko wazi kwa wote kuitazama aarti, ibada yao ya taa. Makuhani wanazungusha taa zenye ndimi nyingi za moto, kengele zinalia bila kupumua, watu wanaimba bhajan, nyimbo zao za ibada, na kupiga makofi, na ng'ambo ya mto maiti zinachomwa. Aliyezoea kupita jioni penye mahekalu ya Wahindu ya Kisutu, Dar es Salaam, atazitambua kengele hizo mara moja, ila hapa zinatawala anga lote.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: puja asubuhi, kikao mchana, aarti jioni. Kwa watawa vua viatu, usipige picha bila ruhusa, acha sadaka kidogo. Kikao nakipa nyota nne kati ya tano. Ukitaka kununua bakuli, yaliyofuliwa kwa mkono huuzwa kwa uzito na huwa na alama za nyundo. Lichague kwa masikio yako, ukiligonga mara moja na kulisubiri mpaka linyamaze lenyewe, na muuzaji akianza habari ya sayari saba mwombe akutajie bei ya kilo.