Clio 182 na mkanda wa taimingi: nimelipa mara mbili kwa kazi moja

Kwa mwenye haraka: fundi wa pili nampa nyota 4 kati ya 5. Wa kwanza simpi hata moja, na jina lake naliacha. Alifanya vile anavyofanya kwenye magari mengine yote, na nadhani mengi humkubalia. Hili halikumkubalia.

Gari ni Renault Clio RS 182, kale ka milango mitatu kanakodanganya watu barabarani kwa umbo la gari la kwendea sokoni. Ndani kana injini ya F4R, lita 2, valvu 16, farasi 182. Nililipata mkononi mwa mtu, bila karatasi hata moja ya kuonyesha mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati unaoendana na pistoni, ulibadilishwa lini. Kwa injini hii hilo si jambo la kulalia. Kikomo cha Renault ni miaka 5 hata kama gari halijatembea sana, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umeegesha. Na valvu na pistoni zinapishana kwa zamu kwenye nafasi ileile. Mkanda ukikatika, zinagongana, na hapo unazungumzia silinda hedi nzima, sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu.

Fundi wa kwanza alinikaribisha vizuri, akasema kazi ya saa tatu. Akachukua rangi nyeupe, akatia alama kwenye mkanda wa zamani na puli zake, akahamishia alama zilezile kwenye mkanda mpya, akafunga. Boliti ya puli ya krenkishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, aliifungua kwa gani ya upepo na akairudisha ileile kwa gani hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimesimama pale na soda mkononi, nikishangaa wepesi wake. Laiti ningejua ninachokiona.

Gari likawaka. Hapo ndipo kosa la taimingi linapokuwa baya: kosa kubwa linajitangaza lenyewe, dogo linakaa kimya. Likiwa limesimama linaunguruma lilikuwa linatetemeka kidogo, kama mtu mwenye homa ya kuanza. Kwenye mizunguko ya chini lilikuwa zito. Kwenye ya juu, pale ambapo 182 huwa inapiga kelele na kukuvuta, likawa linapumua tu. Siku ya pili taa ya injini ikawaka. Nilirudi kwake, akaniambia, "Bosi, gari la zamani hili, lizoee." Sikulizoea.

Fundi wa pili nilielekezwa na mtu anayeshindana na gari kama langu. Sauti ya injini haikumshughulisha, hata mkanda hakuutazama kwanza. Alitoa bomba la kuingiza hewa, akaonyesha vifuniko viwili vya duara ubavuni mwa hedi, upande wa gia boksi. Akavitoboa kwa bisibisi na kuving'oa. Nilishtuka, akacheka: "Hivi vinang'olewa mara moja tu, vipya ninavyo." Nyuma yake kuna ncha za kamshafti mbili, mihimili inayofungua valvu, kila moja ina mfereji. Kuna chuma bapa maalumu kinachoingia kwenye mifereji yote miwili kwa pamoja, na pini inayopenya kwenye bloku, mwili wa injini, kuizuia krenkishafti. Pini ikiwa mahali pake, chuma kinatakiwa kuteleza ndani bila kulazimishwa.

Hakikuingia. Kilikosa kwa upana mdogo sana, chini ya jino moja la mkanda.

Nikauliza inawezekanaje kukosea chini ya jino moja, maana meno hayagawanyiki. Jibu lake ndilo lililonifanya nikubali kulipa. Kwenye injini nyingi, gia ya mkanda iliyo kwenye krenkishafti imebanwa na kichuma kinachozuia isizunguke peke yake. F4R haina. Kinachoishika ni mkazo wa boliti tu, chuma juu ya chuma. Boliti ikilegezwa, gia ile iko huru kuhama kidogo, na alama zako za rangi zitaendelea kulingana vizuri kabisa huku krenkishafti imeshasogea ndani yake. Zaidi ya hapo, alama za rangi zinanakili tu mahali mkanda wa zamani ulipokuwa. Kama na ule ulikuwa umekosewa, umerithi kosa.

Akapima kompreshani, yaani shinikizo la hewa ndani, ya silinda zote nne kabla ya kuahidi chochote. Zilikuwa sawa, valvu hazijapinda. Nilikaa chini.

Kazi yenyewe alitaka injini iwe baridi kabisa, kwa hiyo gari lililala kwake. Kesho yake alitegemeza injini kwa jeki na kipande cha mbao, akatoa mauntini ya kulia, kile kishikio cha injini, akafunga kamshafti na krenkishafti kwa vifaa vyake, ndipo akagusa mkanda. Kilichonivutia zaidi ni muda alioutumia kwenye usafi. Alifuta ncha ya krenkishafti, tundu la gia na uso wa puli kwa dawa ya kuondoa mafuta, akafuta tena kwa kitambaa kipya. Ukielewa kwamba mkazo ndio unaoshika kila kitu, unaelewa kwa nini tone la oili pale ni adui. Boliti ikawa mpya, kwa kuwa ile hurefuka ikikazwa na haistahili kurudiwa. Akaikaza kwa spana inayopima mkazo, kisha akaongeza nyuzi kwa kipimo cha pembe. Gani ya upepo ilibaki ukutani.

Tenshena (kinachokaza mkanda) na rola (inayouongoza) mpya, pampu ya maji mpya kwa kuwa upande ule ulishafunguliwa. Mkanda wa altaneta pia, na hapa nilitaka kubisha, wa zamani ulionekana mzima. Akasema mkanda ule ukichanika, nyuzi zake zinaweza kuvutwa ndani hadi kwenye mkanda wa taimingi. Nikanyamaza.

Puli ya kamshafti ya valvu za kuingiza, ile inayobadilisha taimingi yenyewe, ilikuwa inapiga kelele za dizeli kila asubuhi kwa sekunde chache. Nayo ikabadilishwa. Hiyo ndiyo iliyouma zaidi mfukoni.

Alipomaliza kukaza alitoa pini na chuma, akazungusha injini kwa mkono mara mbili kamili kufuata mwelekeo wake, akarudisha pini, akaniita. "Weka mwenyewe." Nikachukua kile chuma bapa, kikateleza ndani ya mifereji kama kisu kwenye ala. Akakagua na mshale wa tenshena, ndipo akagonga vifuniko vipya.

Taa ya injini ilifutwa na haijarudi. Mtetemo umekwisha, asubuhi halipigi kelele, na juu ya mizunguko 5,000 nimelipata tena gari nililolinunua. Alinitoza zaidi ya mara mbili ya yule wa kwanza.

Nyota ya tano ameikosa kwa mambo madogo. Alichelewa siku mbili akisubiri puli na hakunipigia, nikawa mimi wa kumtafuta. Usukani ulirudi na alama za vidole vyeusi. Na klipu moja ya plastiki ndani ya bawa la tairi la kulia haikurudishwa, inagonga kwenye barabara mbovu; nikimtumia ujumbe ananiambia, "Pita tu kaka, dakika mbili." Bado sijapita.