Umeokoa Sh 38,000? Nani kaokoa?

Wenye programu hii ya kuongea na daktari kwa simu, futeni ile namba ya kijani mliyoiweka ukurasa wa mbele: "Umeokoa Sh 38,000."

Mama yangu ana kisukari, anachoma insulini. Kuna usiku sukari ilimshuka, mashine ikasoma 2.8, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Nikamnywesha maji ya sukari huku naandika kwenye programu. "Daktari atakujibu hivi punde." Jibu lilikuja karibu na alfajiri, mstari mmoja: mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Tulishafika zamani, tena kwa bajaji ya bei ya usiku! Kesho yake nafungua, namba ya kijani imepanda. Mazungumzo yale wameyahesabu kuwa ni safari ya hospitali tuliyoiepuka.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea akasema, "Mfumo ndivyo unavyohesabu, kaka. Kama huridhiki, sitisha kifurushi." Akakata. Mimi ninayelipa kila mwezi nakatiwa simu!

Kifurushi, bando, stripu za kupimia ambazo ndizo zinatumaliza, siku niliyofunga duka: hakuna hata kimoja kwenye hesabu yao. Ujerumani, tangu 2020, daktari anamwandikia mgonjwa programu kama dawa na bima inalipa, lakini programu iliyokubaliwa kwa muda tu hupewa miezi 12 ilete ushahidi kwamba inamsaidia mgonjwa. Sisi tunaletewa namba tu, tuiamini.

Ila haki yao niwape. Kengele ya kumkumbusha sindano inafanya kazi. Mama alikuwa anaruka ya jioni, siku hizi haruki, na HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, imeshuka kutoka asilimia 10.1 hadi 8.2. Macho na figo za mama yangu zikidumu, hiyo ni pesa kuliko nauli zote wanazojumlisha. Na hilo ndilo hawajalihesabu popote!

Nilikuja kuweka nyota moja. Naweka tatu, na mwezi huu nimelipia tena, hasira ikiwa palepale. Lakini usiku msiitegemee. Sukari ikishuka chini ya 3.9, mpe kitu chenye sukari, mpime tena baada ya dakika 15, isipopanda ondokeni mwende hospitali.