Dawa ya chupa ya kusafishia mashine ya vyombo, uzoefu wangu baada ya chupa mbili

Naanza na harufu maana ndo iliyonifanya nitoe hela. Mashine yetu ya kuosha vyombo ina mwaka na miezi kadhaa, haijawahi kutusumbua, ila ilifika mahali ukifungua mlango asubuhi unakutana na harufu ya dimbwi lililokaa siku tatu. Vyombo kwa macho vinameta, lakini ukiinua glasi unywe maji pua inakuwahi kabla ya mdomo. Mke wangu akasema ni sabuni, mi nikasema ni sabuni, tukabadilisha sabuni, harufu iko palepale, tukabadilisha tena. Vidonge vya sabuni vya aina tatu tofauti vimejaa kabatini mpaka leo.

Ndo nikanunua hii dawa. Kwa ambaye hajaiona, ni kichupa cha mililita 250 hivi, ndani maji ya rangi mbili moja juu moja chini hayachanganyiki, na mdomoni kimezibwa kwa nta. Unatoa vyombo vyote, sabuni hutii, unabandua stika ya kwenye kifuniko (nta yenyewe usiitoboe, mi nilikuwa nimeshashika kisu), unakipachika kichwa chini kwenye kikapu cha chini alafu unawasha programu ya moto, digrii 60 kwenda juu. Maji yakishika moto nta inayeyuka dawa inamwagika yenyewe. Hapo nawapa heko kwa kweli, maana ukiimimina tu mwanzoni, pampu inaweza kuitupa nje na yale maji ya kwanza ya kusuuza na hela yako imeenda na bomba.

Matokeo ya chupa ya kwanza: kuta za ndani zikang'aa kama siku ilipoletwa, ule utelezi wa mafuta kwenye pembe umeisha, harufu ya limau nyumba nzima. Nikafurahi siku tatu. Siku ya nne nafungua mlango, dimbwi limerudi. Nilikasirika nikasema hii dawa naipa nyota moja na hiyo moja ni ya nta.

Sasa akaja shemeji, dada wa mke wangu, amekaa anatuangalia tunavyolalamika, akauliza kwa upole kabisa, "Shemeji, kwani chujio mnalisafisha lini?" Nikamwangalia. Chujio gani? Akacheka mpaka akashika meza. Mwaka mzima na zaidi, watu wazima wawili, hamna aliyejua kwamba mashine ina chujio.

Liko chini kabisa, chini ya kikapu cha chini, unaona kitu cha duara kama kikombe chenye matundu. Kwenye yetu unazungusha kidogo kama robo mzunguko kwenda kushoto linafunguka, unalinyanyua, chini yake kuna sahani bapa ya matundu madogo nayo inatoka. Shemeji alinivalisha glavu kwanza akasema usiingize mkono humo kavukavu. Na kweli. Kilichotoka sijui nikiiteje, ute wa kijivu mzito umejishika kwenye wavu wote, kijiti cha meno, karatasi ya lebo ya chupa imegeuka uji, na kipande cha glasi chembamba kama kucha, ambacho naikumbuka kabisa hiyo glasi ilivunjika lini na nilivyosema nimeokota vipande vyote. Hicho kipande kingeshuka kwenye pampu ya kutolea maji kingekwamisha ile feni yake, na hapo ni fundi.

Shimoni chini ya chujio kulikuwa na maji kidogo, nikadhani ndo ubovu wenyewe. Kumbe maji kidogo yanabaki hapo kwa kawaida, yanasaidia mipira ya ndani isikauke. Ya kwetu tu yalikuwa meusi. Nikayanyonya na sponji, chujio nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida na mswaki uliochakaa. Msitumie brashi ya waya, itachana wavu. Na mkilirudisha hakikisheni limejifunga, likikaa legelege uchafu unapita pembeni moja kwa moja kwenye mzunguko wa maji.

Hapo ndo nikaelewa kosa langu. Dawa ya chupa ina asidi ya kuyeyusha ukoko wa maji magumu, yale yenye chokaa nyingi, na kitu cha kukata mafuta. Basi. Kijiti cha meno haiyeyushi, karatasi haiyeyushi, na gundi ya uchafu wa mwaka mzima inaondoa ngozi ya juu tu. Harufu ilikuwa inatoka kwenye chakula kilichokuwa kinaoza ndani ya chujio, na mi nilikuwa namwaga limau juu yake!

Baada ya chujio nikapata moto nikaenda kwenye ile mikono inayozunguka kurusha maji. Wa chini unachomoka kwa kuvuta juu, wa kwetu wa juu una kinati cha plastiki. Nikautikisa sikioni, kitu kinalia ndani kama kayamba. Mbegu ya limau! Imeingia na haitaki kutoka, nimehangaika nayo na kijiti karibu nusu saa. Na matundu manne ya mwishoni yamezibwa na ukoko mweupe mgumu. Ukumbuke ndani ya hii mashine hamna brashi, hamna kinachosugua, ni maji ya moto yanayorushwa kwa nguvu tu, na ndo ilivyokuwa tangu yule mama wa Marekani, Josephine Cochrane, alipopata hataza ya mashine yake mwaka 1886. Kwa hiyo tundu likiziba, kile kipande cha kikapu kinachoangaliana nalo hakioshwi. Ndo maana sahani za pembeni kushoto zilikuwa zinatoka na vichembe tukawa tunalaumiana eti nani kazipanga vibaya. Mikono nikailoweka kwenye maji ya moto yenye unga wa ndimu, ile asidi ya sitriki, baada ya saa moja ukoko ukatoka na kijiti bila ubishi.

Mpira wa mlango, sitaki kuusimulia sana. Futeni. Hasa ukingo wa chini wa mlango, pale maji ya kuoshea hayafiki kabisa kwa hiyo dawa yoyote ya ndani haifiki pia, kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi na cha pili pia.

Baada ya hayo yote nikaweka chupa ya pili. Huu sasa ndo mpangilio niliopaswa kuanza nao. Harufu imeisha, wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Sauti ya mashine yenyewe imebadilika, zamani ilikuwa inakoroma wakati wa kutoa maji sasa inatoa kimya. Kwa hiyo nyota nimezipandisha, nyota tatu na nusu. Dawa inafanya kazi yake, ila pale kwenye kopo wangeandika kwa herufi kubwa SAFISHA CHUJIO KWANZA. Wameandika, nimeitafuta nikaikuta, ni ndogo na iko nyuma karibu na mshono. Nyota nyingine inapungua kwa sababu unga wa ndimu vijiko vitatu vinne vya mezani chini ya mashine tupu, programu ya moto, unaondoa ukoko karibu vilevile kwa bei ndogo. Ila kwenye mafuta dawa ya chupa inaushinda, hilo nakubali. Siki nimewahi kujaribu pia, kikombe kimoja kwenye kikapu cha juu, inasaidia lakini si ya kila wiki, inachosha mipira.

Kuna swali mtu ataniuliza kuhusu glasi kuwa na ukungu, maana na mi nilidhani dawa itatibu. Chukua glasi moja isugue na siki. Ukungu ukitoka ni ukoko wa maji magumu, unatibika. Usipotoka, glasi yenyewe imeliwa uso wake na hiyo hairudi, usipoteze hela. Za kwetu nusu kwa nusu. Kwa zile zenye ukoko tatizo lilikuwa chumvi kuisha, kile kitaa cha chumvi kilikuwa kimewaka tangu sijui lini na mi nilidhani ni urembo. Ile chumvi ya mashine haiendi kwenye vyombo, inaenda kwenye kitanki chake chini, kazi yake ni kuamsha kile kifaa kinacholainisha maji magumu kabla hayajaingia. Chumvi yake ni ya chenga kubwa, msiweke ya mezani, ni laini inaganda na ina vitu vya kuongezea. Na ikimwagika pembeni wakati wa kujaza, washa mashine hapohapo, ikilala juu ya chuma inakula chuma hata kama kimeandikwa hakishiki kutu. Mi niliiacha usiku mzima, nina vidoa viwili vya kahawia vya ushahidi. Wala usijemwaga sabuni kwenye hicho kitanki, utakiharibu.

Nyingine kwa haraka maana najua kuna wanaopenda njia za mkato. Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono haiingii humo hata tone, binti yetu aliweka siku moja, povu lilitoka mlangoni likatembea mpaka sebuleni. Dawa za klorini za kung'arishia nguo usiweke, zinaharibu chuma, na zikikutana na siki au unga wa ndimu zinatoa gesi ya klorini ambayo ni sumu, hilo si jambo la kujaribu jikoni mlango umefungwa. Na kuosha vyombo kabla ya kuviweka kwenye mashine ni kazi bure, unakwangua mabaki tu basi. Vidonge vingi vina vimeng'enya vya kushughulika na wanga na protini, na mashine nyingi za siku hizi zina sensa inayopima maji yamechafuka kiasi gani, ukiziwekea sahani safi zinajiona zimemaliza mapema.

Kitu kimoja nilikuwa nakifanya kwa nia njema kumbe kinachangia: kila siku tulikuwa tunatumia programu ya kubana umeme, maji ya digrii 50 hivi. Haina ubaya, ila mafuta hayayeyuki vizuri, yanapoa yanashika kwenye kuta na kwenye bomba la kutolea maji. Siku hizi mara moja kwa mwezi tunaiwasha kwenye 70, na chujio linatoka kila Jumamosi, zamu ya binti yetu, adhabu ya povu. Linachukua dakika mbili kama halijasubirishwa mwaka.

Mlango pia tunauacha wazi kidogo ikimaliza, unyevu utoke.

Chupa zilikuja tatu kwenye pakiti. Ya tatu ipo kabatini kando ya vile vidonge vya aina tatu, ina miezi minne sasa na nta yake haijaguswa.