Sahani na vikombe vya sherehe: kipi ununue, kipi uache

Ukitaka sherehe isiyoacha lundo la taka wala kukausha mfuko, anza na vyombo vya kulia. Nimevipanga kuanzia ninavyovipenda zaidi.

1. Vya kuazima au kukodi
Hapa simung'unyi maneno: hakuna vinavyovishinda. Sahani ya kauri hula nishati nyingi kiwandani, kwa hiyo faida yake huonekana ikitumika mara nyingi, na ya kukodi imekwishazunguka sherehe nyingi kabla ya yako. Kabla ya kulipa amana uliza nani anaosha, kilichovunjika kinalipwaje, na usafiri ni juu ya nani. Ukiosha mwenyewe, kwangua mabaki kwanza kisha loweka kwenye beseni, bomba lisiachwe likitiririka. Kupasha maji ndiko kunakokula nishati zaidi.

2. Vya chuma cha pua, hasa vya mitumba
Vinamfaa anayealika watu mara kwa mara. Havivunjiki, na vikichakaa huyeyushwa upya. Melamini, ile plastiki ngumu inayofanana na kauri, nayo hudumu, ila haiyeyushwi tena, na isiingie kwenye maikrowevu.

3. Vya makapi ya miwa au majani ya mpopoo
Kama ni lazima vitupwe, basi viwe hivi. Vya mpopoo hukandamizwa kwa joto kutokana na majani yaliyodondoka yenyewe. Kwenye vya miwa, tafuta maandishi yanayosema havina PFAS, kemikali za kuzuia mafuta kupenya, ambazo hudumu mno katika mazingira.

4. Vya karatasi
Sahani isiyo na utando yatosha kwa vyakula vikavu. Kikombe ni habari nyingine: ndani kwa kawaida kimepakwa plastiki, na viwanda vingi vya kurejeleza karatasi havikitaki.

5. Plastiki ya mimea (PLA)
Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Pakiti ina picha ya jani na neno "inaoza", na bei imepandishwa kwa ajili ya hilo jani. Kwa kweli plastiki hii haiozi bila kituo cha mboji chenye joto la nyuzi 60 hivi. Ukiizika nyuma ya nyumba, miezi mingi baadaye utaichimbua ikiwa nzima. Tena hulegea kwenye joto hilohilo, kwa hiyo usiimiminie chai. Kama hakuna kituo kama hicho kinachokusanya taka zako, usilipe nyongeza. Ukiona neno "oxo", yaani plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ili ivunjike upesi, rudisha rafuni: hupasuka tu kuwa chembe ndogondogo.

6. Povu la polistireni
Ni lile povu gumu, jepesi, kwa kawaida jeupe. Hata likigawiwa bure, sitaki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vikombe vyake, pamoja na plastiki za oxo, kuanzia Julai 2021.

Chochote utakachochagua, kumbuka kwamba kinachomaliza vikombe ni usahaulifu: mgeni anaweka chake chini, anakipoteza, anachukua kingine. Weka kalamu na vipande vya karatasi ya kubandika mezani, kila mtu aandike jina lake. Hapo unaweza kuagiza kikombe kimoja kwa kila kichwa, na vichache vya akiba.